Kupanga bekapu ya kanzidata mpaka mashine tupu isimame tena

Anayepanga bekapu huanza kwa kujiuliza anakili nini, na jibu humjia haraka: kanzidata. Hapo ndipo panapoponza wengi. Jiulize hivi: seva imeungua leo alasiri, na kesho saa mbili asubuhi nimekabidhiwa kompyuta mpya isiyo na kitu ndani. Nitahitaji nini mkononi ili mgeni wa kwanza apokewe kama kawaida? Kila kinachokujia kichwani ukiandike kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo orodha ya bekapu yako, na takriban kila mara itakuwa ndefu kuliko ulivyodhani.

Mfano tutakaoufuata ni nyumba ya wageni ya vyumba 14 Mji Mkongwe, yenye afisi ya pili Chake Chake. Mfumo wa kupokea wageni uko kwenye seva moja chini ya ngazi, nyuma ya mapokezi: Ubuntu 24.04, PostgreSQL 16, kanzidata moja iitwayo `wageni` ya GB 3, na folda ya picha za pasi za kusafiria ya GB 37. Mwenye skuli, duka la dawa au ushirika wa wakulima wa mwani atabadilisha majina tu.

Vinavyoachwa nyuma

Data yenyewe haina shida. `pg_dump`, amri ya PostgreSQL ya kutoa nakala, huisoma kanzidata kama ilivyokuwa dakika ile kazi ilipoanza, hata mapokezi wakiwa wanaendelea kuandika, kwa hiyo huna haja ya kuufunga mfumo. Lakini hutoa kanzidata moja tu. Watumiaji wa kanzidata na maneno yao ya siri hukaa juu ya kanzidata zote, kwenye ngazi ya seva nzima, na `pg_dump` haiwagusi. Ukirudisha bila wao utaona kosa `role "wageni_app" does not exist` likijirudia skrini nzima. Majedwali yataingia, lakini mmiliki wake atakuwa mwingine na programu itakataliwa mlangoni. Dawa ni `pg_dumpall --globals-only`, faili la kilobaiti chache.

Picha za pasi hazimo ndani ya kanzidata. Kilichomo ni jina la faili tu, na picha yenyewe iko `/srv/wageni/pasi`. Hapa mpangilio wa kunakili una maana yake: toa kanzidata kwanza, kisha nakili picha. Ukifanya hivyo, kila picha inayotajwa kwenye kanzidata itakuwemo, na zile zilizoingia katikati zitakuwa za ziada zisizodhuru. Ukigeuza, mgeni aliyeandikishwa kati ya hatua mbili atakuwa na jina bila ya picha. Kwa sababu hiyo hiyo, programu isifute faili papo hapo. Iliwekee alama, na ufutaji wenyewe ufanywe baada ya siku kadhaa.

Kisha mipangilio. Kwenye Ubuntu na Debian, `postgresql.conf` na `pg_hba.conf` ziko `/etc/postgresql/16/main`, nje ya folda ya data, kwa hiyo hata anayenakili folda nzima ya data huziacha. Ongeza mipangilio ya nginx (programu inayohudumia tovuti), kazi za `cron` (ratiba ya kazi za mashine), na vyeti vya tovuti.

Funguo ndizo zinazoumiza zaidi. Kama programu imeandikwa kwa Laravel, kiunzi cha programu za PHP, safu zilizosimbwa hufunguliwa kwa `APP_KEY` iliyomo kwenye faili la `.env`. Ikipotea, safu zitarudi zote, hazijapungua hata herufi moja, na hakuna atakayezisoma tena. Hakuna fundi wa kuzifungua. Faili hilo kwa kawaida haliwekwi kwenye Git, ghala la msimbo wa programu, na ni sawa lisiwekwe, lakini maana yake ni kwamba kopi pekee iko chini ya ngazi.

Mwisho ni matoleo na nyongeza. Kanzidata inayotumia PostGIS, nyongeza ya ramani, itabeba mstari wa `CREATE EXTENSION`, lakini haibebi PostGIS yenyewe. Lazima iwepo kwenye mashine mpya kabla ya kurudisha. Na `pg_dump` ya toleo la zamani hukataa kuisoma seva ya toleo jipya. Jambo hili liliwahi kuikuta GitLab, kampuni inayowahifadhia watu msimbo wa programu mtandaoni, na wao wenyewe walilieleza hadharani. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alifuta folda ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. Takriban GB 300 zikaondoka. Walipozifuata bekapu za kila siku walikuta hakuna kitu. `pg_dump` iliyokuwa ikiitwa ilikuwa ya 9.2 na kanzidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo kazi ilikuwa ikikataa kila ilipoanza. Barua pepe za kuonya nazo zilikuwa zikizuiliwa upande wa mpokeaji kwa kukosa uthibitisho. Kilichowaokoa ni nakala ya diski iliyopigwa kwa mkono, kwa kazi nyingine kabisa, kiasi cha saa sita kabla ya ajali. Walikuwa na seva ya pili pia, na haikuwasaidia: data yake ilikuwa imeshafutwa ili inakiliwe upya kutoka seva kuu. Na hata ikiwa nzima, seva inayofuata nyayo za seva kuu hufuata pia ufutaji: ukifuta jedwali huku, na kule limefutika.

Skripti ya usiku

Faili hili liwe `/usr/local/sbin/bekapu.sh`, mmiliki root, ruhusa 700. Linatumia restic, programu ya bure inayosimba kila kitu kabla hakijatoka kwenye mashine na kuhifadhi vipande vilivyobadilika tu.

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
umask 077
export HOME=/root
export RESTIC_PASSWORD_FILE=/root/.restic-siri
cd /

M=/var/bekapu/usiku.mpya
D=/var/bekapu/usiku
rm -rf "$M"
mkdir -p "$M"

runuser -u postgres -- pg_dump -Fc -Z0 wageni > "$M/wageni.dump"
runuser -u postgres -- pg_dumpall --globals-only > "$M/watumiaji.sql"
# ongeza na folda ya vyeti vya tovuti, ilipo kwako
tar czf "$M/mipangilio.tgz" /etc/postgresql /etc/nginx /etc/cron.d \
    /etc/systemd/system /opt/wageni/.env /usr/local/sbin
dpkg-query -W > "$M/matoleo.txt"

# soma faili lote, si kichwa chake tu
pg_restore -f /dev/null "$M/wageni.dump"

rm -rf "$D"
mv "$M" "$D"

KOSA=0
mountpoint -q /mnt/nje && \
  restic -r /mnt/nje/restic backup "$D" /srv/wageni/pasi || KOSA=1
restic -r rest:http://10.8.0.2:8000/wageni \
  backup "$D" /srv/wageni/pasi || KOSA=1
exit $KOSA
```

Hazina, yaani folda ambamo restic huweka nakala, ni mbili: moja kwenye diski ya nje na moja Chake Chake. Zote mbili huanzishwa mara moja tu kwa `restic init`. Baada ya hapo skripti inajitegemea, lakini kuna mistari inayofaa kuelezwa.

`set -euo pipefail` usiiondoe. Skripti nyingi zinazozunguka mitandaoni huandika `pg_dump wageni | gzip > wageni.sql.gz` bila ya mstari huo. `pg_dump` ikishindwa, gzip hubana hewa, hurudisha jibu la "sawa", na wewe unabaki na faili lenye jina zuri, tarehe sahihi na ukubwa wa baiti 20. Ukiona baiti 20 kwenye folda ya bekapu za gzip, ujue humo hamna kitu.

`-Z0` inazima ubanaji wa `pg_dump`. Inaonekana ni kupoteza nafasi, lakini faili lililobanwa hubadilika karibu lote hata ukiongeza mgeni mmoja, na restic hulazimika kulipeleka upya kila usiku. Lisipobanwa, restic hutambua vipande vya jana, hubeba vipya tu, na hubana yenyewe.

Jina `/var/bekapu/usiku` halina tarehe kwa makusudi. Restic hupanga nakala zake kwa jina la mashine na njia ya folda. Ukiweka tarehe kwenye njia, kila usiku utahesabika kama kitu kipya: itasoma upya GB 37 zote za picha, na amri ya kufuta nakala za zamani haitofuta chochote, kwa sababu kila kundi lina nakala moja tu. Diski itajaa taratibu bila ya mtu kujua sababu. Tarehe restic inazitunza yenyewe.

Kazi hufanyika kwanza kwenye `usiku.mpya`, kisha jina hubadilishwa. Umeme ukikatika katikati, `usiku` ya jana bado ni nzima.

`mountpoint -q` inahakikisha diski ya nje imepachikwa kweli. Anayetumia `cp` au `rsync` bila ya ukaguzi huo, siku diski ikichomoka atakuwa anajaza diski ile ile ya seva, mpaka kanzidata yenyewe ikose nafasi ya kuandika.

Na tafadhali usinakili `/var/lib/postgresql` kwa `cp` wakati kanzidata inafanya kazi. Mafaili yatakuwa ya nyakati tofauti, mengine ya kabla ya malipo na mengine ya baada yake. Huenda ikawaka, huenda isiwake. Ikiwaka ndiyo hatari zaidi.

Wenye MySQL au MariaDB: `mysqldump --single-transaction --routines --events --databases wageni`. Bila ya `--routines` na `--events`, taratibu zilizohifadhiwa na kazi za ratiba haziji. `--single-transaction` inafaa kwa majedwali ya aina ya InnoDB tu. Kama kuna la MyISAM, ligeuze kwanza. Watumiaji nao wako kwenye kanzidata nyingine iitwayo `mysql`, kwa hiyo hifadhi matokeo ya `SHOW CREATE USER` na `SHOW GRANTS` kwa kila mmoja.

Saa nane ni saa ngapi

Kompyuta huhesabu saa kuanzia katikati ya usiku, sisi tunahesabu kuanzia machweo na macheo. Saa nane usiku, pale mapokezi wamelala, kwa kompyuta ni 2. Anayeandika `10 8 * * *` kwenye `cron` ameiagiza saa mbili na dakika kumi asubuhi, wageni wakiwa wanalipa na kuondoka. Seva nyingi pia huja zikifuata saa za UTC, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu: 2:10 ya huko ni saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri hapa. Tazama kwa `timedatectl` kabla ya kuandika ratiba.

Kasoro kubwa ya `cron` kwetu ni umeme. Mashine ikiwa imezimwa saa ya kazi, `cron` huiruka siku hiyo na haikumbuki. Tumia ratiba ya systemd, programu inayoendesha huduma za Ubuntu. Kwanza `/etc/systemd/system/bekapu.service`:

```
[Service]
Type=oneshot
ExecStart=/usr/local/sbin/bekapu.sh
```

Kisha `/etc/systemd/system/bekapu.timer`:

```
[Timer]
OnCalendar=*-*-* 02:10:00 Africa/Dar_es_Salaam
Persistent=true

[Install]
WantedBy=timers.target
```

Iwashe kwa `systemctl enable --now bekapu.timer`. `Persistent=true` ndiyo inayoifanya kazi iliyokosa wakati wake ianze mara mashine inapowaka. Systemd pia haiwapi skripti folda ya nyumbani, na restic bila ya hiyo hukosa pa kuweka kumbukumbu zake na huwa nzito; ndiyo sababu ya `export HOME=/root` mle kwenye skripti.

Nakala zikae wapi

Nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja mbali. Kwa nyumba yetu: seva yenyewe, diski ya nje, na kompyuta ya afisi ya Chake Chake.

Kuiweka ya mbali Pemba kuna faida isiyoonekana haraka. Unguja iliwahi kukaa karibu mwezi mzima bila ya umeme wa gridi mwaka 2008, na takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, njia ya kuupokea umeme wa Bara ilipopata hitilafu. Pemba tangu 2010 inapata umeme kwa kebo yake yenyewe kutoka Tanga. Hitilafu ya kebo moja haizimi visiwa vyote viwili, na bekapu ya Mji Mkongwe iliyo kwenye nyumba nyengine ya Mji Mkongwe haina sifa hiyo.

Kupeleka GB 40 za mara ya kwanza kwa mtandao wa kupandisha megabiti 2 kwa sekunde huchukua sekunde 160,000, yaani saa 44 na zaidi, kama hautokatika. Boti ni ya haraka kuliko hivyo. Hazina ya restic ni mafaili ya kawaida: tengeneza ya kwanza kwenye diski, iingie kwenye mkoba hadi bandari ya Mkoani, kisha Chake Chake, na huko inakiliwe kwa `rsync` kwenye folda ya kudumu. Kuanzia hapo kila usiku yanasafiri mabadiliko tu. Kwa kuwa imesimbwa, diski ikipotea njiani utakuwa umepoteza diski tu, si pasi za wageni.

Chake Chake ifungue hazina kwa programu ya rest-server yenye chaguo la `--append-only`, kupitia njia ya WireGuard, yaani mtandao wa siri uliosimbwa kati ya mashine mbili. Seva ya Mji Mkongwe itaweza kuongeza, haitoweza kufuta. Hili linamhusu mvamizi anayefunga mafaili na kudai pesa: akiingia kwenye seva yako, kitu cha kwanza atakachokitafuta ni bekapu, na funguo za kuifikia atazikuta pale pale. Usafishaji wa nakala za zamani ufanywe na mashine ya Chake Chake yenyewe:

```
restic -r /srv/restic/wageni forget --keep-daily 14 \
  --keep-weekly 8 --keep-monthly 12 --prune
```

Amri hiyo hiyo, kwa njia yake, ifanyike pia kwenye diski ya nje. Miezi 12 si mingi. Mtu anaweza kufuta malipo ya Machi kimakosa, na ikajulikana Septemba tu, mhasibu anapofunga hesabu. Bekapu za siku 14 zote zitakuwa zimelinakili pengo lile lile kwa uaminifu.

Kuhusu diski yenyewe: hewa ya chumvi hula viunganishi. Diski ya pili inayokaa kabatini iwekwe kwenye kopo lenye kifuniko cha mpira na vifuko vya kufyonza unyevu, na itolewe kila baada ya miezi mitatu ifanyiwe `restic check --read-data-subset=10%`.

Kama kupoteza siku moja ni kingi

Bekapu ya saa nane usiku maana yake ajali ya saa tatu usiku inakula kazi ya mchana kutwa. Nyumba ya vyumba 14 inaweza kuandika upya kutoka kwenye risiti. Zahanati haiwezi. Hapo unahifadhi kumbukumbu za mabadiliko, ambazo PostgreSQL huziita WAL, vipande vya MB 16 kila kimoja:

```
archive_mode = on
archive_command = 'test ! -f /mnt/wal/%f && cp %p /mnt/wal/%f'
archive_timeout = 300
```

`/mnt/wal` iwe kwenye mashine nyengine. Mstari wa mwisho unalazimisha kipande kitoke kila dakika 5 hata hakijajaa, kwa hiyo hasara yako haizidi hapo. Kubadilisha `archive_mode` kunahitaji kuizima na kuiwasha upya kanzidata.

Wengi hukwama hapa: WAL haziungani na faili la `pg_dump`. Zinaungana na nakala ya msingi tu, ile ya `pg_basebackup -Ft -z -X stream -D /mnt/msingi/...`, uichukue kila wiki. Aliyehifadhi WAL za mwaka mzima akiwa na `pg_dump` peke yake ana mlima wa mafaili yasiyo na pa kuanzia. Na mnyororo ukikatika kipande kimoja, huwezi kuvuka pengo lile.

Jengine: `archive_command` ikishindwa, PostgreSQL haitupi vipande, inavilimbikiza mpaka diski ijae na kanzidata isimame. Angalia kila siku:

```
select last_archived_time, failed_count from pg_stat_archiver;
```

Siku mtu akifuta jedwali saa tisa na dakika 41 alasiri, fungua nakala ya msingi kwenye folda mpya (ile iliyoharibika usiiguse bado). Weka `restore_command = 'cp /mnt/wal/%f %p'` na `recovery_target_time = '2025-08-14 15:40:00+03'`, tengeneza faili tupu `recovery.signal`, uiwashe. Ile `+03` iandike, usiiachie mashine ikisie. Itafika wakati huo na kusimama ikiwa inasomeka tu, haiandikiki. Si kosa: inakupa nafasi ya kutazama kama data ni ile uliyoitaka, kisha unaifungua kwa `select pg_wal_replay_resume();`.

Kimya

Onyo linalotumwa na seva kazi ikishindwa halitoshi, kwa kuwa seva iliyozima haitumi kitu. Mlinzi awe mwengine. Kwenye kompyuta ya Chake Chake weka kazi ya kila asubuhi inayotafuta nakala mpya ya ndani ya saa 26, yaani dakika 1,560:

```
find /srv/restic/wageni/snapshots -type f -mmin -1560 | grep -q . \
  || /usr/local/bin/tuma-onyo "Hakuna bekapu mpya ya wageni"
```

`tuma-onyo` iwe njia yoyote inayofika kwenye simu za watu wawili, si mmoja. Na mara moja kwa mwezi zuia bekapu kwa makusudi usiku mmoja, uone kama onyo linafika kweli. Kwenye skripti ya usiku ongeza pia ulinganisho wa ukubwa: `wageni.dump` ya leo ikiwa chini ya nusu ya jana, `KOSA=1`. Kanzidata ya wageni haipungui nusu kwa usiku mmoja bila ya jambo.

Kurudisha, kwa mpangilio

Fanya hivi kila miezi mitatu kwenye kompyuta nyengine, na afanye mtu asiyeuandaa mfumo, akiwa na karatasi tu.

Kabla ya yote, ichomoe mashine hiyo kwenye mtandao au badilisha `.env` yake. Programu iliyorudishwa huamka na funguo halisi. Itaanza kuwatumia wageni ujumbe wa kuwakumbusha malipo waliyokwisha kulipa.

```
restic -r /mnt/nje/restic restore latest --target /srv/rudi
cp -r /srv/rudi/var/bekapu/usiku /var/lib/postgresql/rudi
chown -R postgres: /var/lib/postgresql/rudi
cd /var/lib/postgresql/rudi
runuser -u postgres -- psql -d postgres -f watumiaji.sql
runuser -u postgres -- pg_restore -C -d postgres -j 4 -e wageni.dump
runuser -u postgres -- vacuumdb --analyze-only wageni
```

Mstari wa pili na wa tatu upo kwa sababu folda ya `/srv/rudi` inarudi na ruhusa za root pekee, na mtumiaji `postgres` atapata `Permission denied` hata faili ukilibadilisha mmiliki. Kwenye `watumiaji.sql` utaona kosa moja, `role "postgres" already exists`, hilo liache. `-C` inaunda kanzidata na mpangilio wake wa herufi kama ulivyokuwa. `-e` inasimamisha kazi kwenye kosa la kwanza. Bila yake `pg_restore` huendelea na kukupa kanzidata iliyopungukiwa. Mstari wa mwisho ukiuruka, maombi yatakuwa ya pole sana siku ya kwanza na watu watadhani bekapu ni mbovu: toleo la 16 halibebi takwimu za majedwali ndani ya dump.

Baada ya hapo rudisha picha mahali pake, fungua `mipangilio.tgz`, kisha kagua:

```
runuser -u postgres -- psql -At -d wageni -c "select faili from pasi" |
while read -r f; do
  [ -f "/srv/wageni/pasi/$f" ] || echo "haipo: $f"
done
```

Matokeo yanayotakiwa ni kutotoka mstari hata mmoja. Tazama pia mgeni wa mwisho aliyeandikishwa: tarehe yake iwe ya usiku wa bekapu, si ya mwezi uliopita. Ingia kwenye programu kwa jina la mfanyakazi wa kawaida, fungua mgeni mmoja, fungua picha yake ya pasi, na kama kuna safu iliyosimbwa hakikisha inasomeka. Andikisha mgeni wa majaribio, kwa sababu kanzidata inayosomeka bila ya kuandikika haijarudi.

Andika saa ulipoanza na saa ulipomaliza. Muda huo ndio jibu la kumpa mwenye nyumba akiuliza "tutakaa muda gani?", na mara nyingi sehemu ndefu si amri zilizo juu, ni kutafuta neno la siri.

Hilo litengenezee njia yake. Kwa kila hazina, ya diski ya nje na ya Chake Chake, `restic key add` huongeza neno la siri la pili bila ya kuligusa la kwanza: moja la mashine, moja la bahasha. Bahasha ziwe mbili, moja Mji Mkongwe nje ya chumba cha seva, moja Chake Chake, na ndani yake pawe na neno hilo, anwani za hazina, amri saba zilizo juu na tarehe ya jaribio la mwisho. Kabla ya kuifunga bahasha, kaa kwenye kompyuta nyengine, lichape neno kama lilivyoandikwa kwenye karatasi, na uone `restic snapshots` ikifunguka.